Kobe Akigoma Kula

Jumamosi, 4 Machi
Kobe amegoma kula. Kwa hiyo Hajar naye amegoma. Na mpango ulikuwa mzuri! Mtoto wa miaka minne, mashavu yameingia ndani, kila kijiko ni vita. Nikamtuma mume wangu Abdelilah alete kobe wa maji kutoka kwa wale wauzaji wa kando ya barabara ya Fez. Nikamwekea beseni uani. Nikamwambia Hajar: mwenzio akitafuna, nawe unatafuna. Akaahidi, tena kwa kiapo. Kobe akanusa chakula cha dukani, akaingiza kichwa ndani ya gamba. Hajar akanusa harira yake, ile supu ya dengu na nyanya, akaingiza kichwa ndani ya sweta.

Mama mkwe kapiga simu kutoka Fez. Lalla Zhor hasalimii, anauliza uzito. Anakuja Ijumaa. Akikuta mashavu hayajarudi, anamchukua mjukuu wake akamlishe mwenyewe mpaka Idi. Nikasema inshallah, Lalla. Moyoni nikasema: thubutu.

Jumapili, 5 Machi
Mvua. Abdelilah anasema kobe ni mtoto wa mto, na sisi tunampa vidonge kama mgonjwa. Akishasema hivyo anakwenda mkahawani. Sawa. Nimemfunga mdogo wake Hajar, Ilyas, mgongoni (jino linamtoka, ananililia sikioni), nikashuka mtoni kukamata viluwiluwi kwa chujio la chai. Jirani yangu Bahija alikuwa anafua mazulia. Akauliza kama siku hizi chai naichujia huko huko. Wenzake wakacheka mpaka wakakaa.

Nimeteleza. Kiatu kimoja kimekwenda na maji. Lakini viluwiluwi nimepata! Kobe akawatazama. Wakamtazama. Hakuna aliyemla mwenzake. Jioni Hajar amewapa majina. Sasa hawaliki tena.

Jumatatu, 6 Machi
Konokono! Baada ya mvua wamejaa kwenye kuta za mashamba, watu wanaokota kwa ndoo. Bahija naye yupo. Akanionya kwamba upande wa mizeituni wamepiga dawa juzi. Nikajua ananinyima wanono. Kisha nikaona waliokauka chini ya mti kama vifungo vya koti. Nikahamia upande wake. Akasogeza ndoo yake kunipisha. Kunipisha kwake ndiko matusi yenyewe.

Konokono haliwi siku ile ile, kila mtu anajua. Lazima afungiwe kwenye pumba, atoe uchafu wote tumboni. Kwa binadamu, ndiyo. Kwa kobe je? Nikasema naye ni kiumbe wa Mungu, asije akaumwa tumbo. Ndoo, pumba, sahani juu, jiwe juu ya sahani. Nimechoka. Nimelala na viatu. Yaani na kile kimoja.

Jumanne, 7 Machi
Hajar ameondoa jiwe. Aliwaonea huruma, eti nao wamenyimwa chakula. Konokono ukutani, konokono kwenye friji, konokono ndani ya koti la Abdelilah la kazini. Mkubwa wake alimtoa mmoja kolani mbele ya wateja. Abdelilah amerudi, anakung'uta mifuko.

Niliobahatika kuwakamata nikawapa pumba tena. Mmoja nikamponda, nikampelekea kobe. Akanigeuzia mgongo. Hajar naye akaugeuzia mkate mgongo. Leo kanywa maji tu na kula nusu tende. Nimembeba kwenda kulala. Mwepesi kama nguo iliyokauka.

Jumatano, 8 Machi
Nyungunyungu! Nimechimba chini ya mnanaa kwa kijiko cha supu, nikamtikisa mmoja mbele ya pua ya kobe. Kap! Amemeza! Wa pili! Wa tatu! Nikapiga vigelegele, Ilyas akaamka, Bahija akauliza juu ya ukuta nani anaolewa.

Hajar akaja mezani mwenyewe. Akafumba macho, akafungua kinywa. Ahadi ni ahadi. Anasubiri nyungunyungu.

Nikamwambia hapana, mwanangu, hicho si chakula cha watu. Akasema mimi ndiye niliyesema wale pamoja. Nikawa mkali: hapana, tena hapana! Baadaye nikamfumania anaelekea kwenye mnanaa na uma.

Alhamisi, 9 Machi
Akili ni nywele! Tambi nyembamba, maziwa, siagi, mdalasini. Nikamwambia hawa ndio nyungunyungu wa watoto. Amekula bakuli. Ameomba jingine! Nikajifuta uso kwa taulo, muda mrefu kidogo. Hajar akaniuliza kwa nini nalia na chakula ni kitamu.

Ijumaa, 10 Machi
Lalla Zhor kafika na begi kubwa. Nikajua: la kubebea nguo za mwanangu. Kuskusi mezani. Hajar akaisukuma. Akatangaza kwamba yeye siku hizi anakula nyungunyungu, Mama anampikia kwa maziwa.

Mkono wa Lalla Zhor ukasimama hewani. Nikaapa ni tambi, nikakimbilia jikoni kuzileta. Hajar akakimbilia uani kuleta ushahidi. Tukarudi pamoja, mimi na bakuli, yeye na kopo. Tukagongana. Kopo likamwagika juu ya kuskusi, wakaanza kutambaa kati ya karoti. Abdelilah alikuwa anatafuna. Akaacha.

Katikati ya makelele yale Hajar akala tambi zote. Lalla Zhor akaona. Akamvuta karibu, akalipima shavu kwa vidole viwili. Akasema mtoto haendi popote, mtoto anakula. Nilitaka kumbusu mikono. Akaendelea: hapa wa kuangaliwa ni mama yake. Anabaki hapa yeye, bibi, mpaka Idi. Begi lilikuwa limejaa nguo zake.

Jumapili, 12 Machi
Kobe anakula. Hajar anakula. Lalla Zhor anakula na kulalamikia chumvi. Lakini kwa kuchimba kila siku, Hajar ananuka tope, na akiona maji ya kuoga anapanda juu ya kabati. Leo Lalla Zhor amenusa nywele zake, akaniuliza kwa upole kama mtaa huu maji yamekatwa.

Sokoni nikaona vifaranga wa bata. Nani anapenda maji kuliko bata? Nimenunua mmoja. Hajar kakubali: bata akioga, naye anaoga. Safari hii nimefikiri sana kabla.

Nikamweka bata kwenye maji ya uvuguvugu. Akaruka nje. Nikamrudisha. Akapiga kelele kama anachinjwa, sasa yuko juu ya kabati na Hajar.

Tatizo ni upweke tu. Kesho nanunua wa pili.