Beki wa Kushoto wa Daraja la Nne

Jumamosi, 6 Novemba 2021

Nimempata! Siwezi kupiga kelele, maana Kubwimana, kaka yake mke wangu, yuko sebuleni anakula ndizi zangu. Lakini nimempata.

Mambo yako hivi. Tarehe 27 sisi Warundi wa Blacktown, hapa Sydney, tunacheza na Wakongo, mechi yetu ya kila mwaka, ile iliyozuiwa na korona mwaka jana. Kocha ni mimi, Rénovat. Tumefungwa mara tatu mfululizo, zote chini yangu. Jana kamati iliniambia bila kuzungukazunguka: nikifungwa tena, timu anapewa Kubwimana. Kubwimana! Mtu ambaye bado anauliza kuotea ni nini!

Na niliyempata ni nani? Dean Ockley. Mwingereza. Beki wa kushoto. Miaka kumi na saba ya mpira wa kulipwa kwao: daraja la tatu, la nne, la tano, kisha la nne tena. Alikuja Sydney kumalizia soka kwenye klabu ndogo ya huku, msimu ukafutwa, na sasa anafunga maboksi nami ghalani Wetherill Park. Watu wanapita wanamwomba gundi ya karatasi. Hawajui wanamwomba nani.

Mimi najua. Tulipofungiwa ndani nilitazama kila kipande cha video zake mtandaoni. Klabu ya kwanza ilimtema akiwa na miaka kumi na tisa. Akaezeka mapaa mwaka mzima, akarudi. Akashuka daraja na timu tatu tofauti na hakukimbia hata moja. Kuna usiku mmoja wa mvua, mji mmoja wa bandari, watazamaji wachache na mbwa mmoja, anazuia shuti kwa uso. Kwa uso! Anaanguka, anainuka, anarusha mpira. Nimeitazama mara nyingi kuliko video ya harusi yangu.

Jumapili, 7 Novemba

Kikwazo. Kanuni ya mechi yetu inasema mchezaji lazima awe wetu kwa damu, kwa ndoa, au kwa ubatizo. Ni nani mpumbavu aliyetunga kanuni hii? Mimi. Mwaka ule Bahizire, kocha wa Wakongo, alipomleta Mbrazili aliyekuwa akipaka rangi nyumba yao, nilipiga kelele mpaka ikapitishwa.

Nimewaza wakati wote wa Misa. Damu, haiwezekani. Ndoa, ana mke tayari, Mwaustralia, tena mkali. Ubatizo...

Belyse! Binti yetu alizaliwa Julai, makanisa yamefungwa, na hadi leo hajabatizwa. Zamu yake ni tarehe 21. Kwetu baba wa ubatizo si mgeni tena. Anakula harusini, analia msibani, anaitwa kwenye vikao. Na kwa kanuni yangu tukufu, anavaa jezi!

Shida ndogo: baba wa ubatizo amekwisha kupangwa. Kubwimana.

Jumatatu, 8 Novemba

Nimemwomba Dean wakati wa chai. Aliweka kikombe chini. Nikadhani nimemkosea. Kisha akauliza kwa nini yeye. Nikamjibu kwamba ni mtu mwenye msimamo. Huo si uongo. Sikutaja mechi, huo ndio ufundi wenyewe.

Akasema klabu zimemwomba mambo mengi maishani. Zimemwomba ahamie kulia. Zimemwomba acheze na pua iliyovunjika. Zimemwomba aondoke. Hakuna aliyewahi kumwomba amsimamie mtoto. Macho yalikuwa yameiva. Niliona aibu.

Ni Mkatoliki, nimehakikisha. Bibi yake alikuwa Mwairishi na hakuacha mjukuu hata mmoja nje ya kanisa.

Baadaye, tukipanga maboksi, nikaipitisha ile mechi kama mtu aliyekumbuka tu. Ndipo akaniambia jambo. Mechi yake ya mwisho hakujua kuwa ni ya mwisho. Alitolewa kipindi cha pili kwa sababu ya goti, akakaa benchi akila chungwa, akijua Jumamosi ijayo atarudi. Jumamosi ile haikuja. Serikali ikafunga kila kitu, klabu ikamtumia ujumbe wa asante. Miaka kumi na saba, na mwisho wake chungwa! Akasema laiti angepata mechi moja tu, hata ya uwanja wa majani marefu, ili avue njumu akijua anazivua.

Nikamwambia aniachie mimi.

Jumatano, 10 Novemba

Nimemwambia mke wangu, Verdiane. Kosa langu ni kwamba alikuwa ameshika mwiko. Alitaka kujua kama nimerogwa. Kaka yake ameshonesha suti! Yeye ndiye aliyetuletea vyakula mlangoni tulipougua, na sasa nimvue ubaba kwa ajili ya Mzungu wa maboksi?

Nikaeleza juu ya ile mvua na ule uso. Hakuguswa.

Kubwimana mwenyewe hakugomba. Alirudisha ndizi kwenye sahani, akasema kama ni kwa faida ya mtoto, basi, na kwamba atakuja amevaa suti hivyo hivyo. Huyu mtu ana hila. Angegomba ningejua la kufanya.

Alhamisi, 18 Novemba

Jana jioni, mazoezi. Sijui niandike vipi. Vijana wetu walimwona Dean anashuka garini na goti limefungwa bandeji, wakacheka chini chini. Baada ya nusu saa hakuna aliyecheka. Hakimbii sana. Anafika kabla. Fidèle, winga wetu, ana mbio za swala, na mara zote alimkuta Dean amesimama pale alipokuwa akienda, kama mtu anayesubiri basi. Nikamuuliza anajuaje. Akasema amekimbizwa na vijana wenye mbio tangu akiwa na miaka ishirini, ilibidi ajifunze kusoma mabega.

Kisha akakusanya koni zote mwenyewe. Mtu wa mechi zaidi ya mia nne! Anaokota koni!

Furaha ilinizidi. Leo asubuhi Bahizire, ambaye naye yuko ghalani kwetu, alisimamisha foklifti yake, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, mbele yangu akauliza kwa nini natabasamu hivyo. Nikamwambia. Kila kitu. Ubatizo, kanuni, jezi. Nilitaka nione uso wake unavyoanguka. Haukuanguka. Alicheka sana, akanipa hongera, akasema, “Ndugu yangu, wewe ni mtu wa akili, kweli kabisa.” Kisha akauliza Misa ni saa ngapi. Nikadhani ni adabu.

Jumapili, 21 Novemba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Kanisa limejaa watoto wa wakati wa kufungiwa, wakubwa kwa wadogo, mmoja ametembea mwenyewe mpaka mbele. Barakoa kila uso. Padri anatuita jamaa kwa jamaa. Tukaitwa sisi. Dean ndani ya suti ya kijivu, amenyoa, anamshika Belyse kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Akajibu vizuri kila alichoulizwa. Belyse akamwagiwa maji, hakulia, akamshika Dean kidole. Verdiane mwenyewe alilainika, nilimwona. Nyuma, Kubwimana na suti yake mpya akipiga picha.

Tukarudi kukaa. Dean hakurudi.

Padri akaita jamaa inayofuata. Akapanda Bahizire, mkewe, na mtoto wao wa kiume, Aimé. Na aliyempokea Aimé mikononi ni nani? Dean Ockley! Nilisimama. Verdiane akanivuta koti mpaka mshono ukalia.

Nje nikamkabili Bahizire. Akafungua mikono, akasema, “Mtoto ni mtoto, ndugu. Na wangu alikosa parrain, baba wa ubatizo.” Kisha akanikumbusha kwamba watoto wa baba mmoja wa ubatizo ni ndugu, kwa hiyo sasa mimi na yeye ni jamaa. Jamaa!

Nikamgeukia Dean. Alikuwa na furaha ya mtu asiyejua lolote. Alisema Bahizire alimwomba Ijumaa, naye akaona ni desturi yetu, kwamba mtu akisimamia mmoja anasimamia na wa jirani. Akauliza kama amekosea. Nikasema hapana. 

Jumatatu, 22 Novemba

Tumeitwa kwa Mama Léonie. Ni Mkongo, anatunza wazee siku nzima, na jioni anaamua ugomvi wetu wote. Hata Warundi tunamwogopa. Dean naye aliitwa.

Mama Léonie akatusikiliza, mimi kwanza, Bahizire pili, akachoka na wote sawa. Uamuzi: Dean ni wa pande zote mbili, na mtu hachezi dhidi ya mtoto wake. Kwa hiyo hachezi kabisa.

Nikamtazama Dean alipotafsiriwa uamuzi huo. Hakubisha. Aliinamisha kichwa kidogo tu, kama mtu aliyezoea kusoma majina ya wachezaji ukutani na kukosa lake. Akasema ni sawa, atakuja kushangilia, atabeba maji.

Abebe maji! Ile sura yake ilinichoma. Mimi ndiye niliyemwahidi, na mimi ndiye niliyemfungia mlango kwa ujanja wangu. Nikaanza kuomba. Nikasikia mtu mwingine pembeni anaomba kwa sauti kubwa kuliko yangu. Bahizire! Kumbe yeye pia alikuwa ametazama ile video ya mvua.

Nikapendekeza acheze kipindi kimoja huku, kimoja kule. Bahizire akaunga mkono kabla sijamaliza. Mama Léonie akasema hii ndiyo mara ya kwanza amesikia akili kutoka kwetu, na tutoke kabla haijaisha. Bahizire amechukua kipindi cha kwanza. Vizuri! Mimi nitakuwa naye mwishoni, pale mechi zinapoamuliwa. Kiti changu kimepona.

Jumamosi, 27 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Uwanja umejaa. Mlangoni wanakagua vyeti vya chanjo, ndani kuna mishikaki na watu ambao hawajaonana tangu mwaka juzi, wanashikana kama waliofufuka.

Kipindi cha kwanza, Dean upande wa Wakongo. Dakika chache kabla ya mapumziko Fidèle akampita kipa, lango tupu, akapiga. Bao! Si bao. Dean alitokea sijui wapi akajitupa. Kwa uso! Ule ule! Nilijikuta nimesimama napiga makofi, mimi, kocha wa timu iliyonyimwa bao. Kubwimana alinitazama kwa huzuni.

Kipindi cha pili akavaa jezi yetu, imembana kifuani. Akapiga krosi moja, taratibu, kama anamkabidhi mtu kitu chake, na Fidèle akaitia kwa kichwa. Moja bila! Nikamkumbatia Kubwimana. Wakongo wakarudisha. Moja kwa moja.

Zimebaki dakika chache. Sare ingenitosha, kamati ilisema nikifungwa, haikusema nikitoka sare. Mpira ukapigwa ndani ya eneo letu, msongamano, ukatoka. Refa akaashiria tuendelee. Wakongo wenyewe wanakimbia kurudi kulinda. Hakuna aliyeona lolote.

Dean akainua mkono. Akamwendea refa, akamwonyesha kiwiko chake. Mpira ulimgusa.

Penalti. Mbili moja. Filimbi. Kwaheri, kiti.

Alinijia, jasho linamtoka, akasema samahani, ulinigusa. Nilikuwa nimeandaa maneno. Yalikuwa makali, nilikuwa nimeyapanga tangu penalti. Niliyaacha yote. Nilimwambia najua. Nilimwambia kwamba katika timu zote alizowahi kuchezea hakuna iliyostahili kuwa naye, na yangu ikiwemo.

Kisha sijui nani alianza. Nadhani Kubwimana. Vijana wetu wakajipanga mstari, Wakongo wakajipanga mkabala, wakamwachia njia katikati. Akina mama wakapiga vigelegele. Verdiane akamwekea Belyse mkono huu, Bahizire akamwekea Aimé mkono ule. Akapita pale katikati, soksi zimeshuka, mtoto kila upande, analia waziwazi. Mwisho wa mstari alikaa kwenye majani, akatukabidhi watoto, akafungua kamba polepole, akavua njumu. Zote mbili. Akijua.

Nililia mpaka Bahizire akanipa kitambaa chake. Kina mafuta ya foklifti, sitakirudisha.

Jumapili, 28 Novemba

Kubwimana amepewa timu. Nimemkabidhi filimbi baada ya Misa, mbele ya watu. Akaniomba niwe msaidizi wake. Nilikataa kwa heshima zangu zote. Kabla hatujafika kwenye gari nilikuwa nimekubali.

Bahizire amepiga simu. Ananiita ndugu, na wanakuja kula Krismasi kwetu, familia nzima. Dean naye amepiga, anataka kujua Belyse anapenda nini. Belyse ana miezi minne. Nikamwambia anapenda kidole chake yeye, Dean. 

Verdiane amenikalisha chini. Amesema anatumaini nimejifunza, mtoto si kibali cha kuchezea mpira. Nikakubali kila neno. Nimesema yote yalikuwa makosa yangu, na sitarudia.

Tulikuwa tunaosha vyombo, yeye anasuuza, mimi nafuta. Kulikuwa na utulivu mzuri. Ni kweli kwamba Ijumaa ghalani alikuja mtu mpya, Mskoti, mrefu kama mlango, viganja kama sinia. Nilimuuliza kwa adabu tu. Kipa. Miaka tisa, daraja la pili la kwao. Aliwahi kuzuia penalti mbili katika mechi moja huku theluji ikianguka. Ameniahidi kunitumia video.

Kwa hiyo nikamuuliza Verdiane, kwa upole, kama haoni Belyse anaonekana mpweke bila mdogo wake.

Kandambili imenipata sikioni. Lakini nimefikiria vizuri, na hajasema hapana.