Uamuzi wa Majiko kwa Njia ya Kula

Idara ya Ulinganifu wa Majiko ilitangaza kwamba wakati umewadia wa taifa kujua, bila shaka yoyote, kama chakula cha nyumbani huiva vizuri zaidi kwa gesi au kwa umeme. Jiko litakaloshindwa lingeondolewa siku hiyohiyo katika nyumba zote za watumishi wa idara, pale Kyebando, Kampala.

Jaribio lilipangiwa nyumba ya Hajati Zulaikha, mjane wa mlinzi wa idara. Zulaikha hakuwa na ugomvi na umeme. Ila jirani yake Akullo alikuwa amejifungua juzi, na jiko la gesi ndilo lililomchemshia uji na maji ya kuoga, umeme uwepo usiwepo. Likichukuliwa, mzazi yule angekandwa kwa maji gani?

Barua ya kamati ya jaribio iliandikwa na karani Docus, mtu mwema ambaye, kama wengi Kampala, hazitofautishi sana r na l. Ilisema: "Uamuzi wa mwisho utafanywa kwa kula." Ikagongwa mihuri mitatu. Zulaikha aliisoma mara mbili, akaloweka maharagwe.

Docus alifika na mwenyekiti Ocaya na mjumbe Kidega, wakiwa na jiko la umeme na ripoti iliyokwisha kuchapishwa mtaani Wandegeya: umeme umeshinda. Ocaya alieleza kwamba ripoti ikitangulia, jaribio hukamilika haraka. Sufuria mbili zikainjikwa pamoja. Kwa kufuata utaratibu, jiko la umeme lilizimwa kila baada ya dakika kumi ili lipimwe. La gesi halikuwa na fomu, likaachwa liwake.

Saa saba mchana Ocaya aliomba mikono inyooshwe. Kidega, ambaye hakuwa amekunywa hata chai, akainua barua.

"Mwenyekiti, hapa imeandikwa kula."

"Ni kura, ssebo, bwana. Docus amekosea."

"Mihuri haijakosea."

Ocaya akafikiri. Hati yenye mihuri mitatu husahihishwa na kamati nyingine tu, na kamati nyingine ingehitaji mwenyekiti mwingine.

"Basi tule," akasema kwa sauti ya kikazi.

Maharagwe ya umeme yaligonga meno, yakasogezwa pembeni kwa heshima. Ya gesi, yaliyoungwa kwa simsim, yaani ufuta uliosagwa, yalikwisha. Zulaikha alimwona Docus akimpelekea Akullo bakuli kabla ya kujipakulia mwenyewe. Ocaya aliongeza mara mbili, akahesabiwa sahani tatu. Matokeo: gesi tano, umeme sifuri.

Mafundi wa idara walikuwa wakisubiri amri tangu asubuhi. Docus akawapigia. Katika nyumba zote za watumishi, moja tu ilikuwa na jiko la umeme.

Punde simu ya Ocaya ikalia. Alikuwa mkewe, Lanyero, kwa sauti iliyosikika chumba kizima. Mafundi wameshika jiko, na juu yake kuna kuku mbichi bado. Awaambie nini?

Ocaya alimtazama Zulaikha, kisha akatazama viatu vyake.

"Mwambie aje naye, mwanangu," Zulaikha akasema. "Maji ya Akullo yakichemka, kuku wenu atafuata."