Mtu wa Kumi na Moja

Habari ilifika kwa Dorcus ikiwa imefungia sabuni. Joab, mfunga vidonda wa dispensari ya shamba la chai, alikunjua ukurasa wa gazeti la Kiingereza la mwaka huo wa 1934, akaupangusa kwa mkono wa shati, akatangaza kwamba wazungu wamejua vitu vyote vimepangwa namna gani.

"Vyote?" akauliza Okello.

"Vyote. Jiwe, chai, na wewe."

Kepher alisikilizia nje, gunia kichwani, maji yakimteremka shingoni. Mvua ya saa kumi haikuwa na siku ya mapumziko. Kwa Dorcus muuza uji paa la mabati lilikuwa moja, na watu walikaa kwa kufuata nani aliandikwa kazi kwanza. Mawe mawili ya karibu na moto yalikuwa ya mzee Nyakundi na Okello, waliokuja msitu ukifyekwa. Nyuma yao palikuwa na gogo la watu wanane. Kepher aliandikwa Februari. Kila jioni alileta mabaki ya kuni kutoka kwenye boila ya kiwanda, akayapitisha ndani, akabaki nje. Miezi saba sasa alikuwa akinywa uji uliozimuliwa na mvua, na kikohozi kilikwishamzoea.

"Soma, Gazeti," Nyakundi akasema. Ndilo jina walilompa Joab.

"Kila kitu kimeundwa kwa atomi. Ni ndogo kuliko vumbi la chai. Katikati kuna kiini. Elektroni zinakizunguka, lakini hazikai ovyo. Mzunguko wa kwanza ni wa mbili tu. Ukijaa, zingine zinakwenda wa pili. Huo ni wa nane."

Nyakundi alitazama jiwe lake, la Okello, kisha gogo. "Nani aliwapelekea hawa watu habari zetu?"

"Na kiini ni nani?" Okello akauliza.

"Mwenye sufuria," Dorcus akasema, akikoroga.

Kepher aliingiza kichwa chini ya mabati. "Mzee Nyakundi, Onsongo akisogea kidogo hapo kwa gogo, mimi nitatosha."

"Umesikia ni nane," akasema Onsongo, mchuma chai aliyekalia nafasi ya watu wawili. "Unataka dunia ivunjike?"

"Nataka kukauka."

"Jumapili jua litatoka."

Dorcus aliinua mwiko. "Na wa kumi na moja, gazeti linamweka wapi?"

"Mzunguko wa tatu, peke yake. Wameandika mfano hapa, sodiamu. Mbili, nane, moja."

"Huko kuna paa?"

Joab alitafuta kwa kidole mstari kwa mstari. "Hawajasema."

Mtu mwenye akili angekunja gazeti hapo. Joab aliendelea. "Huyo wa pekee yuko mbali na kiini, hashikwi sana. Sasa kuna klorini, ile tunayotia kwenye maji ya dispensari, inayonuka. Mzunguko wake wa nje una saba. Anakosa mmoja. Wakikutana, anamchukua yule wa pekee."

Kepher akageuka nyuma. Ng'ambo ya njia kulikuwa na kibanda cha Ayoo, mchoma mahindi, chenye ubao wa watu wanane. Mmoja wao, Momanyi, alikuwa amemaliza mkataba wiki iliyopita, akarudi kwao. Kepher alihesabu waliobaki, akarudia kuanzia upande wa pili. Saba.

"Kepher," Nyakundi akasema taratibu, "hayo ni mambo ya elektroni."

"Ndiyo, mzee."

Akajitwika mzigo wake wa kuni, ambao jioni hiyo alikuwa hajaupitisha ndani, akavuka.

Ayoo alimtazama yeye, akazitazama kuni. "Sogeeni," akawaambia watu wake. Kepher akaketi. Maji ya paa yalianguka mbele ya magoti yake, hayakumgusa. Alikuwa hajawahi kuiona mvua ya Kericho kutoka upande huo. Aliiona ni mvua nzuri tu.

Alhamisi moto wa Dorcus haukuwaka.

"Uji huu umelala," Okello akasema.

"Mleta kuni amekwenda kukamilisha watu," Dorcus akajibu.

"Nendeni mlete kuni," Nyakundi akawaambia wa gogoni.

Onsongo akainama kutazama mvua. "Mimi ni wa mzunguko wa pili, mzee."

Nyakundi akageuka. "Gazeti, hapo wanasemaje?"

Joab alifungua ukurasa, uliokuwa bado unanukia sabuni. "Wanasema aliyenyang'anywa na aliyenyang'anya wanaanza kuvutana. Wanakaa pamoja, hawaachani tena. Ndiyo inakuwa chumvi."

Nyakundi akasimama. Wanane wakainua gogo, Dorcus akabeba sufuria, wakavuka njia kwenye matope, Joab akiwaeleza watu wa Ayoo tangu mbali kwamba hawakuja kuomba.

Kepher aliacha kutafuna hindi. Hakuwa amekohoa tangu asubuhi. "Karibuni, wazee. Mama Dorcus, ingiza sufuria hapa motoni. Ila ubao ni wa nane, mnajua wenyewe." Akawaonyesha mahali pa gogo, karibu kabisa, nje kidogo ya mabati.

Waliketi. Mvua ikawakuta.

Kepher akalivuta gunia lake la mvua kutoka chini ya ubao, akamkabidhi Nyakundi kwa mikono miwili.