Nesi Anayeninyima Haki Yangu ya Kugombana

Mheshimiwa Matroni,

Pokea heshima zangu zote kutoka kitanda namba tisa, wodi ya wanaume, upande wa dirishani. Mimi ni dalali wa mnada wa ng'ombe, nimelazwa kwa kidonda cha mguu kilichosababishwa na kisukari. Miaka thelathini na mmoja koo hili limenilisha. Nikipaza sauti, ng'ombe wa mwisho uwanjani anageuka. Kwa masikitiko makubwa namshitaki kwako nesi wa zamu ya asubuhi, yule mfupi mwenye saa kifuani. Kosa lake ni kwamba hagombani.

1. Jumatatu niliwaka kwa sababu ya chai isiyo na sukari. Nilitegemea anijibu vibaya, nami nimwonyeshe cha mtema kuni. Wapi! Alivuta kigoda, akaketi pembeni yangu, akasubiri. Jamani, umewahi kumfokea mtu aliyeketi? Maneno yaliniishia nikiwa bado na pumzi. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na mdomo mmoja haufanyi ugomvi.

2. Nikipandisha sauti, yeye anashusha yake, mpaka inanibidi ninyamaze ili nisikie anasema nini. Mnadani ukipandisha, mwenzako hupandisha. Huu wa kwake ni ulaghai mtupu.

3. Jumanne nilirusha kikombe. Kumbe alishaondoa kile cha bati, akaniwekea cha plastiki! Hakikutoa hata mlio wa maana. Kilidunda mara mbili, kikaingia chini ya kitanda namba kumi, na mzee wa hapo akacheka mpaka akashika mshono wake. Nesi akaniambia kwa upole kwamba kukasirika ninaruhusiwa, kurusha vitu siruhusiwi. Sasa hasira isiyorusha kitu ni hasira gani hiyo?

4. Mama watoto alipokuja kunitazama nilimweleza yote, nikijua atanitetea. Akaenda kumuuliza nesi anafanyaje. Wakakaa kwenye benchi la nje nusu saa nzima, na tangu siku hiyo mke wangu naye anavuta kigoda. Matroni, ndoa ya miaka ishirini na sita imevurugika. Hatugombani tena, tunaongea.

5. Hili ndilo linaloniuma. Jumatano daktari alisema vidole viwili vya mguu wa kushoto vikatwe kabla ubovu haujapanda juu. Nilimtukana yeye, kalamu yake na fomu yake ya kusaini. Akatoka, na wanafunzi wake nyuma yake. Nesi alibaki. Alisimama karibu na mlango, akauacha wazi, akaningoja nimalize. Kisha akaniuliza ninaogopa nini. Mimi, dalali mzima! Nikalia, Matroni. Nililia kwa sauti yangu ile ile ya mnadani, wodi nzima ikasikia, na hata mzee wa namba kumi hakucheka. Tangu hapo kila asubuhi naitafuta hasira yangu siioni. Bila hasira nitakataaje kusaini?

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Nesi huyu ahamishiwe kwa watoto wachanga, ambao hawana hoja za kupoteza. Na mimi niletewe nesi anayesonya, anayebamiza milango, anayejua kurudisha tusi kwa tusi. Akikosekana, niazimeni mlinzi wa getini hata kwa saa moja, maana namsikia kutoka hapa na kipaji anacho.

Nisalimie manesi wote, wapishi, mama anayepiga deki, na huyo mlinzi. Daktari naye msalimie, lakini kidogo.

Wako, mwenye hasira hadi Jumatano,
Dalali, Kitanda Namba Tisa

N.B. Utaona mwandiko ni mzuri. Si wangu. Mkono wangu wa kulia una dripu na mke wangu amesahau miwani nyumbani, kwa hiyo aliyeniandikia barua hii ni nesi mwenyewe, zamu yake ikiwa imeshakwisha. Hakubadilisha neno hata moja. Tena namba tatu ni yeye aliyenikumbusha. Fomu nimeshaisaini, kwa mkono wa kushoto. Kesho saa tatu asubuhi naingia chumba cha upasuaji, na naambiwa kesho ndiyo siku yake ya mapumziko. Tafadhali, Matroni, mnyime.