Nchi Nyekundu ya Marehemu Aron

Jumatatu, 16 Juni

Ukungu tangu asubuhi. Wifi Evelina kaja bila kupiga simu, kakaa kiti cha marehemu, kanywa chai yangu yote. Habari aliyoleta: Jumamosi, kwenye ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa Aron, Mchungaji anataka isomwe ile Historia ya Usharika ambayo Aron alikuwa akiiandika. Nimtolee kompyuta, yeye ataipeleka Lushoto mjini ikachapwe. Nikasema sawa wifi, njoo Jumatano. Nilitaka kwanza niione mwenyewe.

Miaka mitatu Aron aliandika historia ile. Alistaafu ukarani wa shule, Jenoveva wetu akamnunulia kompyuta, basi kila siku baada ya chai ya saa nne anajifungia chumba cha mbele. Mimi nafukuza kuku wasimsumbue. Nampelekea chai yenye sukari ya ziada ili akili ifanye kazi. Akitoka, macho mekundu, namwambia pole na kazi. Anasema ahsante mama Jenoveva, leo nimefika mbali.

Nimempigia Jenoveva, yuko Tanga, kanielekeza jinsi ya kuiwasha. Nimetafuta historia kila mahali. Hakuna. Hakuna hata jina la usharika. Kuna kitu kimoja tu, picha ya nchi nyekundu, kavu, mawe matupu.

Nimekaa chini. Mzee wa kanisa! Miaka mitatu alikuwa anacheza gemu.

Jumanne, 17 Juni

Sikulala vizuri. Nimewaza labda historia imefichwa ndani ya ile nchi nyekundu. Nikaingia.

Jenoveva kanieleza kwa simu, huku akicheka na mimi sicheki. Unatupwa peke yako kwenye sayari isiyo na hewa wala maji. Unaokota chuma, unayeyusha barafu, unajenga mitambo ya kuleta joto na hewa, unapanda miche, na polepole nchi ile inageuka kuwa ya kijani. Nikamuuliza nani anamlipa mtu kwa hiyo kazi. Akasema hakuna mama, ni starehe. Nimelima terasi maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniambia ni starehe.

Nikatembea. Chini ya kioo kuna alama ya hewa, inapungua. Sikuijali, nilikuwa natafuta historia. Hewa ikaisha. Nikafa.

Halafu nikaamka mlangoni kwangu, mzima, na safari inaanza upya. Vitu tu ndivyo vilivyobaki kule nilikoangukia.

Nimeitazama ile kwa muda mrefu. Nikazima. Nikaenda kukata majani ya ng'ombe ambayo hayakuhitajika. Aliyetengeneza gemu hii ningependa kumwuliza swali moja, ila sijui anwani yake.

Jioni nimerudi kuangalia vizuri. Nyumba ya Aron imejengwa juu kabisa kwenye mgongo wa kilima, kama yetu. Ndani kuna vitanda viwili. Mtu mmoja tu kwenye sayari nzima, vitanda viwili. Nje kaweka kibao: KARIBU MAMA JENOVEVA.

Nimempigia Jenoveva tena. Akasema baba alimwambia imebaki kidogo tu mvua ianze kunyesha kule, na siku ya mvua ya kwanza angeniita nione. Alikuwa ananifanyia jambo la ghafla la furaha. Kisha Aron akaenda hospitali kwa kile kikohozi, akasema atarudi wiki ijayo.

Nimeamua. Mvua hiyo itanyesha kabla kompyuta haijatoka nyumbani humu. Na wifi hataiona. Kaka yake alikuwa mtu wa heshima, na Jumamosi atabaki mtu wa heshima.

Jumatano, 18 Juni

Wifi kaja. Nikamwamkia kwa unyenyekevu mwingi, kumbe ndio kosa, akashtuka mara moja. Nikamwambia kompyuta imeharibika, nimeipeleka kwa fundi Mombo. Akauliza kwa nini nishuke mlima wote mpaka Mombo na Zuberi fundi yupo hapo sokoni Lushoto. Sikuwa nimefikiria hilo. Nikasema fundi wa Mombo ana mkono mwepesi. Akaniangalia kwa kuinua nyusi moja. Aron alikuwa na nyusi hiyohiyo.

Akaondoka, nikaingia kazini. Niandike ukweli kuhusu kilimo cha huko sayarini.

Uzuri wake: ukipanda kitu kinaota, hakuna mvua ya mawe ya kuharibu kabichi, hakuna dalali. Ukiweka mtambo wa joto, joto linapanda hapohapo, unaliona kwa namba. Leo mbingu ilikuwa ya rangi ya udongo, kufika mchana imeanza kuwa ya samawati pembeni. Nimeshtuka mpaka nikafungua dirisha kulinganisha na yetu. Yetu ilikuwa na ukungu.

Ubaya wake: hakuna jembe. Mche unatiwa kwenye chupa kama maua ya harusi. Hakuna magugu, kwa hiyo huna sababu ya kuinama, na mkulima asiyeinama anakosa la kufikiria. Hakuna harufu. Hakuna mtu wa kupita akakuamkia. Nimetembea asubuhi nzima sijasikia hata mbuzi. Na chuma! Okota chuma, jenga, kimekwisha, okota tena. Mkoba wenyewe mdogo kuliko kikapu cha kanisani. Halafu mawe yakaanza kuanguka kutoka juu, yanawaka moto. Nikaingia chini ya meza. Meza yangu, ya hapa nyumbani.

Taabu kubwa ni moja. Chuma kipo bondeni, nyumba ipo juu. Nashuka, napanda. Nashuka, napanda. Hivyo hivyo ndivyo nilivyobeba maji tangu nilipoolewa. Nilipokuwa na mimba ya Jenoveva, Aron alikuwa anaamka mapema kabla watu hawajamwona, anashuka kunichotea maji, anaacha ndoo mlangoni, anarudi kitandani kujifanya amelala. Mwanamume kuonekana na ndoo kichwani, wenzake wangemcheka.

Nikapata akili. Kule sayarini hakuna mbu, hakuna baridi ya bondeni, hakuna mtu wa kusema. Kwa nini nisihamishe nyumba iwe chini, karibu na chuma?

Nimebomoa, nimehamisha. Vitanda viwili, kibao, kila kitu. Kazi imekwenda mbio ajabu. Nashangaa Aron, na elimu yake ya ukarani, hakuliona hili.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeshikwa ghafla! Wifi katokea kwenye njia ya migombani, na nyuma yake Zuberi fundi na begi la vyombo. Kasema kwa kuwa yule wa Mombo ana mkono mwepesi, basi huyu wa Lushoto atampunguzia mzigo.

Nilikuwa nacheza. Nikaifunga kompyuta nusu, nikakimbia nayo uani, nikaiweka ndani ya tenga la kuku anayetaka kuatamia. Kuku akaipenda. Ilikuwa na joto. Akaikalia palepale.

Nikawakaribisha ndani, nikawapa chai. Nikasema bahati mbaya, bado iko Mombo. Mara, kutoka uani, ukaja muziki. Ile gemu ina muziki wa taratibu kama wa kwenye matangazo ya vifo.

Zuberi akauliza kama kuku wangu anaimba. Nikasema ni redio ya jirani. Akasema jirani wa karibu yuko ng'ambo ya mto. Wifi akamwambia anywe chai yake anyamaze, fundi hakuitwa kutengeneza kuku.

Hakwenda uani kuangalia. Hilo ndilo lililonitisha. Alipoaga alisema tu kwamba Jumamosi atakaa kiti cha mbele kabisa kanisani, na angependa kusikia alichoandika kaka yake, maana yeye ndiye aliyemfundisha kushika kalamu.

Kompyuta nimeikuta salama. Yai moja juu yake.

Ijumaa, 20 Juni

Imenyesha.

Niandike polepole. Nilianza mara baada ya kukamua ng'ombe. Niliongeza mitambo miwili ya joto na miche yote niliyokuwa nayo. Mbingu ikawa ya samawati kabisa. Kisha nikaona kitu kwenye kioo, nikadhani ni vumbi, nikafuta kwa khanga. Hakikufutika. Tone, na lingine. Halafu mvua, kwenye nchi ambayo haijawahi kulowana tangu iumbwe.

Nikaita, Aron, njoo uone.

Nilimwita kwa sauti kabisa, kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili. Kuku wakageuka. Hakuna mwingine aliyesikia, namshukuru Mungu.

Nikalia kidogo, nikaenda kunawa, nikarudi. Nikakuta maji.

Maji mlangoni. Halafu maji sakafuni. Barafu yote ya kule juu imeyeyuka na mvua inaendelea, na vyote vinashuka kule maji yanakoshuka siku zote, bondeni. Nikakimbia kutoa vitanda. Mkoba umejaa chuma. Nikatupa chuma, nikafungua kimakosa mahali pengine, nikafunga, nikafa, nikaamka ndani ya nyumba ileile chini ya maji, nikafa tena. Huko kuamka nilikokuona kuwa neema Jumanne, leo nimekuona adhabu.

Mwishowe nikasimama ukingoni. Ziwa zuri sana, ndiyo. Nyumba haionekani. Nikapiga mbizi, nikaona kibao chini kabisa, maneno yanatikisika: KARIBU MAMA JENOVEVA.

Jenoveva kasema hali ya zamani hairudi, gemu imejihifadhi juu yake. Nikamweleza nilivyohamisha nyumba. Akauliza, kwa adabu kabisa, mama, milima yote hii nani umewahi kumwona amejenga bondeni? Bondeni si pa kabichi?

Nimeshtuka kuliko siku nilipoiwasha. Ni kweli. Hata kichaa wa kwetu anajenga juu.

Jumamosi, 21 Juni

Kanisa limejaa. Nilipanga kusema kompyuta imeibiwa. Nilikuwa nimemtayarisha na mwizi, mrefu, mwenye koti.

Mchungaji akaita. Nikasimama. Kabla sijafungua kinywa, wifi Evelina akasimama kiti cha mbele. Akasema Mchungaji tuwie radhi, mashine ya marehemu inaumwa, ameiona kwa macho yake mwenyewe, na Zuberi fundi ni shahidi. Akaketi, akarekebisha kilemba.

Wifi yangu! Kiongozi wa kwaya! Kasema uongo mita chache kutoka madhabahuni, bila hata kumeza mate.

Watu walipokwisha kula na kutawanyika, kafunga mlango wangu wa mbele. Kasema haya wifi, nionyeshe huyo kuku anayeimba.

Nikamwonyesha. Nilimweleza yote, historia isiyokuwepo, mvua, ziwa. Akatazama mvua inavyonyesha kule, mdomo wazi. Kisha akauliza nani mpumbavu aliyejenga chini. Nikasema Aron.

Nyusi ikapanda. Akasema Aron akiwa mdogo alijenga kibanda cha kuchezea karibu na kijito, baba yao akamtoa huko kwa fimbo, na tangu siku hiyo hakuwahi hata kuweka kikombe mahali penye mteremko. Aron hawezi. Nikaangalia chai yangu.

Akaniambia nishuke majini nimwonyeshe. Nikapiga mbizi. Akasoma kibao, midomo inatembea. Akaona vitanda viwili. Alikaa hivyo mpaka hewa yangu ikaisha na nikafa mbele yake, na nilipoamka akanishika mkono kwa nguvu, kwa kweli aliogopa.

Baadaye akajipangusa na ncha ya khanga. Akasema nimpishe kiti, na nimwonyeshe cha kutembelea ni kipi.

Jumapili, 22 Juni

Mchungaji ametangaza kwamba kazi aliyoiacha marehemu itamaliziwa na mjane wake na dada yake. Watu wakapiga makofi. Wifi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Baada ya ibada amekuja na kalamu, daftari na maandazi. Daftari liko chini ya kompyuta, linaiinua vizuri.

Tumekubaliana. Nyumba ya Aron tunaijenga upya palepale alipoijenga, juu. Vitanda vitatu. Wifi kasisitiza mara nyingi mno, juu, wifi, juu, kama anazungumza na mtoto. Nikasema nimesikia, na nimejifunza, na kweli wakati nasema niliamini.

Halafu akatoka kwenda kuangalia maharage jikoni. Nikabaki mimi na chuma. Kipo chini, pembeni mwa ziwa, kingi. Na juu ni mbali. Nikaona si lazima iwe juu kabisa, wala si bondeni. Hapa ukingoni pametulia. Maji yameshajaa yatakavyojaa. Nikajenga haraka. Kibao kipya nimekiweka mlangoni: KARIBU WIFI.

Mchungaji kapita njiani, kachungulia dirishani, kauliza tumefikia wapi. Wifi kutoka jikoni, mimi kutoka kitini, tukajibu kwa pamoja kwamba tuko sura ya kwanza, tumefika mbali. Akasema poleni na kazi. Mkewe ametuletea chai, yenye sukari ya ziada.

Mvua kule bado inanyesha. Nimeyaangalia maji vizuri. Yako mbali na mlango, au yalikuwa mbali nilipokwenda kupokea chai.