Hita ya Mama Mukami

Hesbon, ambaye kwa domo lake wanamwita Redio, alikunja gazeti akaligonga gotini. "Wazee, mmesikia hii? Ati mtu ako kazini, anawasha joto ya nyumba yake na simu. Akifika anapata viti zimeiva."

Kicheko kikavuma kwenye benchi la kibanda cha Sellah, maana hapa Kitale baridi ya Julai huuma hadi mfupa. Wanyoike peke yake hakucheka. Alikodolea chai yake macho mpaka ikashika utando.

"Mzee wa Kuku, mbona kimya?" Sellah akamuuliza. "Umemeza kijiko?"

"Hiyo kitu iko kwangu," Wanyoike akasema polepole. "Msichana wangu Mukami alituma kutoka Ujerumani, juu magoti ya mama yake yanauma na baridi. Sasa mama alienda matanga Naitiri, na mimi nilikuwa nimenunua vifaranga mia mbili."

Benchi zima likamgeukia.

"Usituambie," Redio akasema.

"Si hita ilikuwa inapasha viti tupu? Nikaibeba kwa nyumba ya kuku."

"Umenyang'anya bibi yako joto ukapatia kuku," Sellah akasema.

"Kuku itataga. Magoti hutaga?"

Sellah alisonya. Wanyoike hakuwa na nafasi ya aibu, roho ilikuwa juu juu. Vifaranga wanataka digrii thelathini na mbili, naye Mukami kila akichungulia simu yake huko ng'ambo huishusha hadi ishirini, akidhani wazazi wanaokwa. Wakilala hivyo leo, kesho ni kuzika. Na mwenye magoti anarudi jioni.

Akamgeukia Barasa, fundi stima kutoka Malakisi, maarufu kama Waya. "Wewe ndiye uliiunganisha hita na hiyo programu ya simu. Mtoe Mukami."

"Siwezi, mzee. Nilikuuliza imeili yako, ukanipa ya Mukami. Programu inajua mwenye nyumba ni yeye. Wewe ni mgeni tu."

"Mgeni kwa boma yangu?"

"Muombe tu, bana."

"Nimuombe mtoto nilimnunulia viatu?"

"Ama uwaatamie mwenyewe," Sellah akasema.

Simu ikalia. Ni Mukami. Redio, mwenye mkono mwepesi, akaibonyeza ili wote wasikie.

"Baba, hita iko wapi?"

Wanyoike akaona heri aseme kweli. Mficha uchi hazai. "Iko kwa kuku. Tafadhali, mama, pandisha. Watakufa."

"Nishapandisha. Mama alifika mapema, amenipigia akiwa hapo kwa kuku."

Wanyoike akaisogelea simu. "Amesema nini?"

"Amesema magoti haijawahi kusikia vizuri hivi. Nisiguse tena hiyo thelathini na mbili. Amehamishia kitanda huko, na blanketi zote."

"Na mimi?"

"Nilimuuliza, Baba. Amesema jogoo hahitaji hita."

Redio alikuwa ameshaanguka kutoka kwenye benchi. Wanyoike alifunga koti mpaka kifungo cha mwisho, akasukuma kikombe mbele.

"Sellah, ongeza chai. Na unifungie ingine ya kubeba."