Kuhusu Kibao Kilichosimikwa Langoni Kwetu na Chupa Zangu Sabini na Mbili

Pianbruno, Jumatatu, tarehe 2 Septemba

Mheshimiwa Meya,

Kuna sauti moja iliyonikaa masikioni tangu Jumatatu ya Pasaka, na ndiyo inayonifanya nikuandikie. Nilikuwa chumbani juu nasahihisha madaftari ya Kilatini ya wanafunzi wangu, dirisha liko wazi, nikasikia kizibo kikitoka kwenye chupa. Kizibo cha mvinyo mchanga hutoka kwa kishindo. Kilichokaa miaka ishirini na minane hutoka taratibu, kama mtu aliyesikiliza maneno ya wenzake kwa muda mrefu halafu akasema "haya". Nyumbani kwetu mvinyo wa umri huo ni wa aina moja tu, na ni wangu. Nilishuka ngazi na kalamu nyekundu mkononi. Uani nilimkuta babu yangu, Secondo Bergadano, ambaye unamfahamu vizuri, akiwamiminia waendesha baiskeli wawili wa Bergamo, ambao humfahamu kabisa.

Naomba niyaeleze malalamiko yangu kwa namba, ili yasije yakachanganyika na hisia.

1. Kibao. Mwezi Machi Halmashauri yako iliamua, kwa nia njema, kwamba wanaozunguka Barabara ya Mvinyo kwa magari waoneshwe mahali pa kusimama na kutazama vilima. Mahali penyewe, hata mbwa wa kijiji anapajua, ni kule juu kwenye tangi la maji. Lakini fundi wenu alipofika kule alikuta mwamba, shimo halichimbiki, na jua lilikuwa kali. Akateremka mita mia nne, akakuta udongo laini mbele ya lango letu, ambao Babu alikuwa ameutifua siku mbili kabla ili apande nyanya. Kibao cha rangi ya kahawia kikasimama hapo. Mshale wake unaelekea kwenye meza yetu chini ya kichanja cha mizabibu. Mtu anayetoka Turin kwa gari la kukodi na kuufuata mshale huo kwa uaminifu huishia kutazama mandhari ya mzee akimenya vitunguu.

2. Wageni wenyewe. Sina budi kukiri kwamba ni watu wa adabu sana, na hapo ndipo penye madhara. Wangekuwa na kiburi, Babu angewafukuza kwa fimbo na mimi nisingekuwa na la kuandika. Badala yake wanavua kofia. Wanaomba radhi kwa kuingia. Wajerumani wenye gari lisilo na paa walifuta viatu kwenye nyasi kabla ya kukanyaga uani, pahali ambapo kuku hupita bila kufuta chochote. Mama mmoja wa Kiholanzi alimuuliza Babu kama anaweza kumsaidia kumenya vile vitunguu. Babu tangu siku hiyo anavaa shati la Jumapili siku ya Jumanne.

3. Kile wanachopewa. Hapa, Mheshimiwa, naomba usome polepole. Zabibu zetu zote tunapeleka ushirika. Nyumbani hubaki mvinyo wa mtungi, ambao Babu hunywa mwenyewe, na chupa zangu. Mwaka niliozaliwa aliweka kando chupa sabini na mbili kwenye ghala la chini ya nyumba, akaandika DELFINA kwa chaki kwenye mbao za makasha, ili zifunguliwe siku ya harusi yangu, kama ilivyofanywa kwa shangazi zangu na kwa bibi yangu kabla yao. Sasa mgeni akifika, Babu huleta mkate, jibini, dagaa wa chumvi kwenye mchuzi wa kotmiri, halafu hujiuliza cha kunywesha. Nilimshauri awape wa mtungi. Alinitazama kana kwamba nimemshauri awape maji ya kuoshea trekta.

"Mjukuu wangu," alisema, "mtu kapanda kona hamsini na mbili kuja kwetu, nimpe huu? Huu ni wa kwangu mimi. Nimeuzoea kama nilivyolizoea goti langu."

4. Hesabu. Siku ya Pasaka chupa zilikuwa sabini na mbili. Sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi Juni, zilikuwa thelathini na tisa. Leo ni kumi na moja. Nikipita mbele ya baa, wazee wanaocheza karata nje hawaniulizi tena habari za shule. Wananiuliza, "Delfina, umebaki chupa ngapi?" Mmoja wao, ambaye ni diwani wako na sitamtaja, hushauri kwamba nikimbie kanisani kabla Waswisi hawajafika, maana Waswisi husafiri kwa mabasi.

5. Madhara kwa ndoa. Mchumba wangu, Tullio, hutengeneza mapipa kule bondeni, ni mtu mwema, na ameningoja miaka sita nimtajie tarehe. Mama yake, Bibi Marisa, ameandaa orodha ya wageni mia moja na arobaini. Kwa desturi kila mgeni lazima anyweshwe glasi moja ya mvinyo wa bibi harusi, na babu ndiye anayemimina. Chupa moja hutoa glasi sita. Nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya mtihani: chupa kumi na moja ni glasi sitini na sita. Kwa hiyo watu sabini na wanne hawawezi kualikwa, na kwa kuwa tatizo limeletwa na kibao cha serikali, naona ni haki Halmashauri ndiyo iteue wa kuachwa. Mimi niko tayari kuanza na upande wangu. Niko tayari hata kuanza na mimi mwenyewe.

6. Ufumbuzi wa Tullio. Hili ndilo lililonikera kuliko yote. Nilipompelekea habari hizi nilitarajia akasirike. Aliendelea kupiga randa ubao wake, akasema hakuna shida, kuna muuza mvinyo mjini mwenye chupa za mwaka uleule, za kilima cha jirani, na yeye ameshaweka oda ya sitini. Nilipaswa kumshukuru. Badala yake nilisema si sawa. Akaniuliza nini si sawa. Nikasema vizibo. Akasema vizibo ni vizuri tu, kavikagua. Nikasema basi ni makasha. Akaacha randa, akaniangalia, akasema, "Delfina, makasha nitatengeneza mimi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo nimeitafutia jina kwa wiki tatu sasa, na lugha mbili nilizosomea hazikunisaidia. Nimeona niiite kero itokanayo na miundombinu ya barabara, ili iingie kwenye mamlaka yako.

7. Kauli ya Babu. Jumamosi nilimkabili. Alikuwa ametoka kuwasindikiza watu wa Verona na ameshika chupa tupu kwapani. Nilimuuliza kwa upole kwa nini anamaliza harusi yangu. Hakuomba radhi. Alikaa, akaiweka chupa mezani, akasema hivi:

"Kila nikirudi na chupa tupu unaniuliza wageni walikuwa wa wapi, walisema nini, wanaelekea wapi. Mara ishirini, mara thelathini. Hujawahi kuniuliza zimebaki ngapi. Unazihesabu mwenyewe kimyakimya, na ukitoka kuzihesabu unaimba."

Naomba Ofisi yako ilione hilo kuwa ni kukwepa hoja. Mtu anaweza kuimba kwa sababu nyingi. Kule ghalani kuna mwangwi.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa heshima:

Kwanza, kibao king'olewe na kupelekwa kwenye tangi la maji, mwamba upasuliwe kwa gharama ya umma.

Pili, chupa kumi na moja zilizobaki zifungiwe kwa kufuli na ufunguo ukae kwako, wala nisipewe mimi, hata nikija kuuomba.

Tatu, na hili ni la haraka, Halmashauri imwandikie Bibi Marisa barua yenye mhuri, ikimweleza kwamba harusi haiwezi kufanyika kwa muda usiojulikana kwa sababu za barabara. Nimeambatanisha rasimu. Ina kurasa tatu na imeandikwa kwa namna ambayo hakuna anayelaumiwa, hasa mimi. Pakibaki nafasi, iongezwe kwamba Tullio hana kosa lolote na kwamba mapipa yake hayavuji.

Nikisubiri hatua zako, nawasalimu wote hapo ofisini: katibu wako na mama yake aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, karani wa ndoa (usimwoneshe barua hii), na fundi wa vibao, ambaye Babu anasema apite tena.

Mimi, mkazi wako na mlipa kodi,
Delfina Bergadano

N.B. Barua hii ilikuwa iende posta Jumanne. Nilipofika langoni nikakuta gari dogo jeupe limesimama chini ya kibao, na mwanamke wa umri wangu, peke yake, kaegemea mlango anakula pichi. Alikuwa ametoka Trieste. Babu alikuwa kwa kinyozi. Nilishuka chini nikaleta chupa, nikaifungua mimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaonja mvinyo wangu. Ni mzuri sana, Mheshimiwa. Una ladha ya kitu kilichochoka kungoja. Nilimwambia ulikuwa wa nini. Akaweka glasi chini, akaomba radhi, kisha akauliza, "Na wewe ulitaka?" Nilipanga kumjibu kwa hoja. Nilisema hapana.

Basi kibao kibaki, na rasimu ya kurasa tatu ichanwe, kwa kuwa yaliyomo nimeshayasema mwenyewe kwa sentensi mbili. Nimemrudishia Tullio pete yake jana, Jumatano, saa nne asubuhi. Aliniuliza kama nimekula, akanipa kiti. Nilikwenda na kurudi kwa barabara ya juu, nyuma ya msururu wa magari ya wageni waliokuwa wakisimama kila kona kupiga picha, na sikumpigia honi hata mmoja.